Mfalme au Mnara

5 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, ikapiga mabati mpaka sikuisikia mashine yangu ya kushonea. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alipoisikia mvua, akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, kuelekea kabatini. Nikajua anataka nini. Nikamtolea ubao wa sataranji na kumpangia kete, nyeupe upande wa dirisha, nyeusi upande wake. Fou mmoja mweupe, kete ile inayokwenda mshazari, alipotea zamani, na mahali pake tunaweka kipande cha malakiti, jiwe la kijani la migodini.

Msimu huu nitauandika wote. Tangu kiharusi cha Septemba baba hasemi zaidi ya maneno mawili matatu kwa siku, na Papy, mdogo wangu, anashikilia kwamba akili yake imekwisha. Papy anakaa Lubumbashi, ofisini kwake kuna kiyoyozi, na watu wa kiyoyozi hukata mambo haraka. Anataka kumchukua baba akae kwake, nyumba hii ya Panda, hapa Likasi, ipangishwe. "Yaya, tungoje Pasaka," aliniambia kwenye simu, maana mimi ndiye dada yake mkubwa. "Kama naona akili haiko tena, ninamubeba." Baba hataki kuhama, sihitaji aniambie. Basi nitaandika anachofanya siku kwa siku, Papy aje asome mwenyewe.

8 Novemba

Ujumbe wa Benoît umefika: "Cf3. Mahindi bado, tunangoja udongo ulowe. Moyo."

Nieleze, kwa sababu Papy alikuwa mtoto mchanga na hakumbuki. Benoît wa Kapolowe alifanya kazi na baba kwenye shaba hapa hapa Panda. Mwaka ule watu wetu wa Kasai walipofukuzwa huku kwa sababu ya kabila lao, Benoît alimficha baba katika ghala lake la mahindi msimu mzima wa mvua. Kiswahili cha baba kina Tshiluba, lugha ya Kasai, ndani yake, na sauti yake tu ingemuuza. Kwa hiyo walicheza sataranji kimya, mchana kutwa, kwa kete za gunzi la mahindi. Tangu hapo kila mwaka wanacheza mchezo mmoja. Unaanza na mvua ya kwanza, unaisha Pasaka Benoît anapokuja na kuku, na katikati yake hakuna anayesikia sauti ya mwenzake. Zamani miendo ilikwenda kwa vikaratasi mikononi mwa madereva wa taxi-bus. Siku hizi ni ujumbe wa simu. C ni cavalier, farasi. F ni fou. D ni dame, malkia. T ni tour, mnara. R ni roi, mfalme. Mwendo ukishaandikwa hauondolewi.

"Moyo" ni salamu ya kwetu Kasai. Benoît si wa Kasai hata kidogo, lakini alilichukua neno hilo ghalani na hakulirudisha.

Macho ya Benoît yana ukungu, kwa hiyo binti yake Jenny humsomea na kumwandikia. Nikamwandikia Jenny chini ya mwendo wa baba: "Daktari amesema baba asipewe habari mbaya hata moja. Moyo wake hautaweza."

17 Novemba

Mvua. Gauni la ubatizo, mikono imenishinda, nimeifumua mara mbili.

30 Novemba

Benoît anacheza kama kawaida yake, yaani vibaya. Kete yoyote ndogo iliyoachwa peke yake anaidonoa, halafu anashangaa nyumba yake inavyoungua. Mfalme wake hamfichi kamwe, anasema mtu mzima hajifichi nyuma ya mnara. Leo baba amecheka. Ni upande mmoja tu wa mdomo uliocheka, lakini ni kicheko, na ninakiandika hapa kwa ajili ya Papy.

14 Desemba

"Cg1."

Basi. Hakuna mahindi, hakuna Moyo. Nilimrudisha farasi mweupe mahali alipoanzia, pembeni kabisa, nikadhani baba atacheka tena. Hakucheka. Alikitazama kile kiwanja alichokiacha farasi, muda mrefu sana, kisha akanitazama mimi.

"Haiko Benoît," akasema.

Nikamwambia labda mzee amekosea, labda Jenny amesikia vibaya.

"Haiko yeye."

Ni kweli kwamba Benoît harudishi kete nyuma. Kwa miaka yote hii sijaona hata mara moja.

15 Desemba

Baba amekataa kunyolewa. Ameusukuma mkono wangu na wembe ndani yake.

16 Desemba

Nimemkuta chini. Nilidhani ameanguka, nikapiga kelele. Hakuanguka. Alikuwa amevuta mkeka kwa mkono mmoja kutoka nyuma ya mlango, akautandaza kwenye saruji na kulala juu yake. Nimemrudisha kitandani. Nilipokwenda kuteka maji akashuka tena. Redio hataki, ninapoiwasha anaziba sikio. Uji ameunusa tu.

Nimempigia Papy, na sasa najuta. "Unaona?" alisema. "Unaona, yaya?"

Nimekasirika. Nimemkasirikia Papy, nimemkasirikia baba, na huyo farasi nimemkasirikia pia.

21 Desemba

Bado yuko mkekani. Ndevu zimeota nyeupe.

23 Desemba

Leo mchana baba ameutazama ubao kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akaelekeza kidole, nikasogeza, nikatuma. Sikuwa nimeiweka simu mezani, ikalia mkononi mwangu.

Jibu lilikuwa limefika. Benoît huchukua siku tatu, nne, mara nyingine wiki, kwa sababu kwanza anasahau, halafu anatafuta miwani. "Fb5. Mahindi iko muzuri." Ngurumo zilikuwa zinapiga upande wa Kapolowe. Dereva wa taxi-bus aliyeleta kitambaa changu asubuhi alisema huko nguzo ya umeme imelala barabarani na kijiji kizima kiko gizani.

Nilitaka kumsogeza fou. Baba alikuwa ameweka kiganja chake juu ya malakiti, kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuiiba.

25 Desemba

Noeli. Baba hakutaka kutoka kwenye mkeka. Mimi nimekwenda misa peke yangu na sikuimba.

4 Januari

"Dc2. Mahindi iko muzuri."

12 Januari

"h3. Mahindi iko muzuri."

Maneno yale yale, herufi zile zile. Benoît angesema mahindi yana wadudu, mbuzi wa jirani ameingia, katekista ameoa mke mbaya. Nimesoma ujumbe ule nimesimama mlangoni, kisha nikausoma tena.

Miendo yenyewe ni ya ajabu. Haina haraka wala hasira. Kete moja inasogea hatua moja mahali ambapo hakuna kinachotokea, na baada ya wiki mbili unagundua huwezi kupumua. Mimi ni mchezaji wa kuangalia tu, lakini hata mimi naona kwamba baba anabanwa polepole na mtu asiyemchukia.

14 Januari

Marceline, jirani wa kikundi cha sala, amekuja kutazama. Amezunguka ubao bila kuugusa.

"Ule muzee wa Kapolowe iko na kitu," akasema. "Iko nasaidiwa."

"Na nani?"

"Na benye habaonekane. Lete ile planche tuichome."

Nikamwambia planche ni ya mbao nzuri na makaa yapo sokoni. Akaondoka amevimba. Lakini alipokwishaondoka niliugeuza ubao, kidogo tu, ili kete nyeupe zisitazame mlango wa chumba changu.

20 Januari

Nimevunja mwiko wao. Nimempigia Benoît. Niliwaza kwamba mwiko ni wa wazee wawili, haunihusu mimi.

Jenny ndiye aliyepokea. "Papa alilala, yaya."

Ilikuwa saa za watu kula. Nikasema vizuri, nitapiga kesho. Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua na kuku. Kikohozi cha Benoît, kile kinachosikika hata kutoka barabarani, sikukisikia.

21 Januari

"Papa alilala, yaya." Kwa upole ule ule. Nikakata simu mimi.

23 Januari

Mungu ni mwema. Leo baba mwenyewe ameonyesha wembe. Nimemnyoa, akaomba shati safi kwa kuligusa lile la jana na kukunja uso. Kisha akainama, akaukunja mkeka kwa mkono wake mmoja na kuurudisha nyuma ya mlango. Amekula ugali na samaki, akamaliza. Papy, soma hapa.

9 Februari

Mvua siku ya tano. Ukuta wa choo umeanguka.

15 Februari

Nimemwita papa Alexis. Alikuwa mwalimu, sasa amestaafu na anaongoza kundi la Likasi la wanaocheza sataranji kwa ujumbe. Mtu mwenye maneno mengi na kalamu tatu mfukoni. Nikamwonyesha miendo yote ya Benoît tangu ile ya farasi. Akaitia kwenye simu yake mmoja mmoja huku anaguna.

"Mama Adrienne, ii haiko muntu," akasema. "Ii ni mashine."

"Mashine gani?"

"Ya mu telefone. Unaipa muchezo, inakuambia kete ya kusukuma. Tazama, mwendo kwa mwendo, inafanana."

Kwanza nilifarijika. Baada ya Marceline na wasioonekana wake, mashine ni kitu cha kawaida, inanunuliwa dukani. Halafu hasira ikanipanda. Nikamuuliza kama inaruhusiwa.

"Pale njo tunapiganaka kila mwaka," akasema, akavuta kiti. "Ku mashindano kubwa za inje, zile za correspondance, za barua, kuko benye banaruhusu. Banasema kila muntu iko nayo, utamukataza namna gani? Sisi huku règlement yetu, sheria yetu, inasema muchezaji asisaidiwe na muntu. Sasa bamoja banasema ordinateur, ile mashine, haiko muntu, basi inapita."

"Na wewe unasemaje?"

"Minye? Tazama mashine yako ile. Nguo njo nani anashona, weye ao yeye?"

"Mimi nashona. Mashine inanisaidia."

"Njo ile. Benoît anacheza, mashine inamusaidia."

Tulikuwa tumemsahau baba. Alikuwa ameegemea kiti, jicho lake zuri limemkazia Alexis, na mdomo unatafuta njia. Tukangoja. Jasho lilimtoka.

"Mashine," akasema, "iko nasaidia nani?"

Alexis akacheka kwa heshima, akasema iko nasaidia Benoît, muzee. Baba akafumba macho. Hakutaka tena kutazamwa.

16 Februari

Nimelala vibaya. Rafiki wa miaka thelathini anamdanganya mtu mwenye nusu ya mwili. Ghala, mahindi, Moyo, yote hayo, halafu unamtolea mgonjwa simu. Siku akija Pasaka na kuku wake nitampokea kuku mlangoni na mlango nitaufunga.

2 Machi

Sielewi kwa nini baba anaendelea. Anajua anachezeshwa na mashine, lakini kila mwendo ukija anakaa vizuri kitini, anafunga kifungo cha shati, anafikiri siku nzima na kujibu. Hachezi kama mtu anayetaka kushinda. Ni kama amepokea mgeni asiyemjua, na anamkalisha kwa adabu mpaka mwenye nyumba arudi.

Jioni nimepita na taa nikaona kete nyeupe zimefutwa vumbi. Zake nyeusi bado chafu.

19 Machi

"a3. Mahindi iko muzuri." Huku kwetu watu wamekwisha kuyavuna.

3 Aprili

Papy amepiga. Amepata mpangaji. Atakuja na gari mkesha wa Pasaka. Nilimwambia baba anakula, ananyolewa, anacheza. "Anacheza na nani, yaya?" akauliza.

12 Aprili

"Rd1."

Nikamshika mfalme mweupe nimsogeze kando, kwa sababu R ni roi. Nikaona mara moja kwamba ni upuuzi. Mfalme amejitia mwenyewe mdomoni mwa baba, miendo miwili na amekufa. Mashine ile iliyotubana tangu Noeli ingewezaje kufanya hivyo? Nikamwita Alexis. Amekuja na mwavuli wake, akasoma mara mbili. Kisha akapiga paja.

"Ni tour! Mashine ile inaandika Kiingereza. Kwa Kiingereza R ni tour, na roi ni K. Yule anayeandika, akiona N ao Q, anayua ni herufi ya bageni, anageuza. Lakini R anaiyua, iko ya kwetu, akaiacha vile. Mnara d1, mama, ni mwendo wa nguvu. Lakini ameandika mfalme. Na yenye kuandikwa haitoke. Tumemukamata."

Alifurahi kama mtoto. Hata mimi nilifurahi. Nikamwambia baba: umeshinda, papa, miendo miwili, Papy akija atakuta umeshinda.

Baba alikuwa anamtazama mfalme mkononi mwangu. Akanionyesha nimrudishe mahali pake.

"Ita Jenny," akasema.

Tangu Septemba hakuwa amewahi kutaja jina la Jenny. Alexis akasema Benoît ndiye wa kuitwa. Baba akatikisa kichwa, na alirudia taratibu, kama unavyomwambia mtu asiyesikia: "Jenny."

Nikapiga pale pale, mbele yao. "Papa alilala, yaya," sauti ikaanza. Sijui ni nini kilichonifanya niulize. Labda ni uso wa baba.

"Jenny," nikasema, "alilala wapi?"

Mvua ya kule Kapolowe niliisikia ikinyesha kwa muda.

"Ku makaburi ya misheni," akasema.

Nikaketi chini, kando ya mashine yangu, juu ya vipande vya vitambaa. Alikuwa analia na anaongea. Homa, siku tatu tu. Walimzika kabla farasi hajarudi g1. "Weye njo ulituandikia, yaya. Asipewe habari mubaya. Nikawaza, muchezo ikisimama, atayua. Minye siyue échecs, ile sataranji, ninayua herufi tu. Njo nikauliza telefone. Nikaambia badereva, nikaambia hata padri, bantu ba Likasi basisikie. Utanisamehe?"

Mlango ule wa kufunga nilikuwa nimemwandalia marehemu.

Alexis alikuwa amevua kofia. Nikasimama, nikaenda kwa baba, nikapiga magoti nimwambie polepole, kama daktari alivyofundisha. Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu kabla sijafungua mdomo.

"Nilisha mulia Benoît," akasema.

13 Aprili

Nimesoma kurasa hizi tangu mwanzo. Ndevu. Mkeka. Redio. Uji. Kisha wembe na shati safi tarehe ishirini na tatu Januari. Arobaini.

Alifanya kilio kizima, peke yake, kwenye saruji ya nyumba hii, kwa desturi yote na bila kosa. Hakuna aliyekuja kukaa naye. Mimi nilimrudisha kitandani na kumpigia simu Papy. Nimelia leo mpaka kitambaa cha mteja kimelowa, na sioni haya kuliandika.

19 Aprili

Papy amefika na gari, na mifuko mitupu ya kupakia vitu. Nikampa daftari hili kabla hajakaa. Amelisoma mezani, mgongo kwetu, mvua ikipungua nje. Alipofika mwisho alirudi nyuma, akasoma Desemba tena. Akaukuta mkeka nyuma ya mlango, akautandaza karibu na kitanda cha baba na kujilaza juu yake na soksi zake za ofisi.

20 Aprili

Pasaka. Jua. Jenny amekuja na kuku, kitenge cheusi mpaka miguuni, amekonda. Alisimama mlangoni kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Nikampokea kuku kwa mkono mmoja na yeye kwa mwingine.

Baba alikuwa amevaa koti. Akamwonyesha kiti cha upande wa dirisha.

"Papa, minye siyue kucheza," Jenny akasema.

"Benoît naye," baba akasema, akapumzika, "hakukuwa anayua."

Akacheka, upande ule mmoja wa mdomo, na Jenny akacheka, halafu wote wawili machozi yakawashuka. Papy akatoka nje kuangalia gari lake. Kwenye buti kulikuwa na mifuko ile mitupu. Niliona kwa dirisha akiikunja midogo midogo na kuikalia.

Jenny aliketi. Akatoa simu yake, akaiweka ndani ya kapu alimotoka kuku, akalisukuma kwa mguu. Baba akagusa kiwanja cha d1.

"Roi? Tour?"

Papa Alexis, aliyealikwa kwa ajili ya kuku, alishindwa kujizuia na kunong'ona: mnara, binti, mnara. Jenny akautazama mnara, kisha mfalme aliye wazi, asiyejificha nyuma ya kitu. Akamshika mfalme.

"Papa angesukuma huyu," akasema.

Miendo miwili, ikaisha. Baba akanyoosha mkono juu ya ubao. "Moyo," akasema, na Jenny akamjibu kwa neno lile lile. Nilikuwa sijalisikia ndani ya nyumba hii tangu Novemba.

Wakati wa kula Alexis alitoa kalamu moja kati ya zile tatu. Alisema msimu ujao inabidi tuwe wazi, kwa sababu kundi zima la Likasi litamuuliza. Jenny akicheza mahali pa Benoît, ile mashine ya mu telefone inaruhusiwa, ao hairuhusiwi?

Baba alimtazama Jenny. Binti alikuwa bado na mfalme mweupe mkononi, alikuja naye mezani bila kujua.

"Yeye iko hapa," akasema. "Imusaidie."